Mishono ya Bi Mkasi

Kati ya kibanda changu cha viatu na duka la Bi Mkasi kuna ukuta wa mbao nyembamba, na mbao za aina ile hazitunzi siri. Bi Mkasi akikohoa, mimi nampa pole. Mimi nikitukana msumari uliopinda, yeye ananiambia nichunge mdomo, ana wateja. Tumeishi hivyo miaka mingi, na si kwa sababu mmoja wetu ni mpole. Mimi nina hasira za mkizi, na yeye jina la Bi Mkasi hakupewa kwa ajili ya ule mkasi wa mezani peke yake.

Duka lile halishoni suruali za shule wala halipunguzi mapindo. Ukiingia na zipu mbovu, Bi Mkasi anakuelekeza kwa mafundi wa barabara ya pili, kwa adabu ile inayokufanya usirudi tena. Wao wanashona mavazi ya jukwaani na ya siku kubwa: makoti ya bendi, mabawa, joho la mfanya mazingaombwe lenye mifuko mingi mpaka mwenyewe alisahau njiwa ndani ya mmoja akalileta lifuliwe. Ukutani wametundika vigezo vya karatasi kwenye misumari, kila mteja na chake, na juu yake limeandikwa jina ambalo heri mteja mwenyewe asilijue. Kuna Bega Moja. Kuna Nyigu. Kuna Leo Nimeshiba, ambaye kila akipimwa kiuno anasema ndiyo kwanza ametoka kula.

Zaidi ya yote wanashona koseti. Kwa asiyeijua, koseti ni vazi la kubana kiuno: vipande vya kitambaa kigumu vinaunganishwa wima, ndani yake vinapitishwa vyuma vyembamba tunavyoviita mbavu, na mgongoni linafungwa kwa kamba kama buti. Hapo kwenye buti ndipo ninapoingia mimi. Vitundu vya kupitishia kamba vinataka kutobolewa na kuvikwa vipete vya shaba, na kifaa cha kazi hiyo kiko kwangu. Kwa hiyo kila koseti iliyotoka kwenye duka lile imepita mikononi mwangu, na ninaposema ninayajua mambo yao sisemi kwa umbea. Au tuseme si kwa umbea peke yake.

Cherehani zao mbili zinatazamana. Kwenye moja anakaa Bi Mkasi, kwenye nyingine binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto, ambaye mtaa mzima unamwita Tepu kwa kuwa ile tepu ya kupimia haitoki shingoni mwake. Aliwahi kwenda nayo msibani. Tepu ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huyasema huku ameuma pini, kwa hiyo usipozoea utadhani amekasirika. Mama yake ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kushika sindano. Nyumba yao ilijengwa kwa cherehani ile, watoto wa Tepu wanasoma kwa cherehani ile, na Bi Mkasi akitaka kumaliza ubishi wowote, uwe wa siasa au wa bei ya nyanya, husema neno moja: kazi yake haijawahi kurudi.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu.

Sisi tuliomzunguka tuliona kabla yake. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe anakikosa kidogo, anajifanya alikuwa anapangusa meza. Siku moja alimkaripia mteja kwa kutojibu salamu, kumbe anaongea na lile sanamu lisilo na kichwa wanalovalishia magauni. Alicheka yeye wa kwanza, akasema mwanga wa dirishani umembabaisha. Tepu akaanza kutunga uzi kwenye sindano nyingi kila asubuhi na kuzichomeka kwenye kile kimto cha pini, eti ili kuokoa muda. Bi Mkasi alizitumia bila kuuliza. Na mishono yake, ambayo zamani ungeweza kuitumia kama rula, ikaanza kutembea. Inaanza vizuri, inafika katikati inapotea njia.

Tepu alichofanya ni hiki: Bi Mkasi akishaenda nyumbani kula na kujinyoosha mchana, Tepu alichukua kazi ya mama yake, akaitia wembe, akafumua mshono wote, akaupiga upya. Mama akirudi, kazi iko pale pale mezani, imekunjwa vile vile alivyoikunja. Mimi nilikuwa nikisikia kila kitu: kwanza ule mkwaruzo wa wembe kwenye uzi, halafu cherehani ya Tepu ikikimbia kama inafukuzwa. Mchana baada ya mchana.

"Mwambie," nilimwambia siku moja, nimeingiza kichwa mlangoni.

"Nimwambie nini, Fundi? Kwamba hafai?"

"Mwambie macho yanaumwa. Macho kuumwa si tusi."

Akatoa pini mdomoni, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kuvua koti. "Nilimwambia aende kwa daktari wa macho. Unajua alinijibu nini? Alinijibu, daktari wa nini, kazi yangu imewahi kurudi?"

Na kweli ilikuwa hairudi. Ilikuwa hairudi kwa sababu ya ule wembe, na kwa kuwa hairudi, Bi Mkasi hakuona haja ya daktari. Nilimweleza Tepu hivyo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Akanitazama kwa macho yaliyochoka.

"Mama yangu akiondoka kwenye kiti kile atakufa," alisema. "Wewe humjui. Anakuja hapa akiwa na homa. Siku ya kumzika baba alikuja jioni akakaa tu, hakushona, akakaa. Nikimwambia mishono yake naitupa, nimemuua kwa mdomo wangu."

Nilirudi kwenye viatu vyangu. Msumari wa kwanza niliupinda kwa hasira.

Ndipo kundi la maigizo likaleta kazi yake. Kiongozi wao ni mtu mwembamba mwenye sauti nene, anayezungumza na kila mtu kana kwamba yuko safu ya mwisho ukumbini. Alikuja na mwigizaji wake mkuu, mwanamke mkubwa wa umbo, mcheshi, ambaye katika mchezo ule alikuwa malkia, na sisi tukamwita Malkia tangu siku hiyo. Walitaka koseti ya satini nyekundu, ya kuvaliwa nje, ionekane. Na kulikuwa na jambo moja: mwisho wa mchezo walinzi wawili wanamnyanyua Malkia kwa kumshika kiunoni, wanampandisha kwenye kiti cha enzi kilichoinuliwa juu sana. Hawamshiki mwili, wanashika koseti.

"Ikiachia pale juu," alisema Malkia, "mtanizoa kwa fagio."

"Haitaachia," alisema Bi Mkasi. Alimpima yeye mwenyewe, kwa vidole zaidi kuliko kwa tepu, akimzunguka taratibu. Alipomaliza akamgeukia binti yake. "Mishono ya ubavuni itabeba mzigo wote. Hiyo nitapiga mimi."

Kupitia upenyo wa mbao nilimwona Tepu akiuma pini zake. Alisema, "Sawa, mama."

Alifanya alivyozoea. Bi Mkasi alipiga mshono wa ubavu wa kushoto kabla ya chakula, na ulipotoka chini ya sindano ulikuwa umepinda katikati, si sana, lakini kwenye satini kila kitu kinaonekana. Bi Mkasi akaukunja, akaenda nyumbani. Wembe ukaanza. Bahati mbaya kiongozi wa kundi alikuwa amepita asubuhi kusema onyesho limewahishwa, na Tepu alikuwa na kazi nyingine tatu mezani zinamsubiri, kwa hiyo mikono ilikuwa na pupa. Akafumua, akapiga upya, akauangalia kwenye mwanga, akatukana kwa sauti ya chini. Na wa kwake ulikuwa umeteleza. Akachukua wembe tena.

Wakati huo huo nikainua macho nikamwona Bi Mkasi anavuka barabara.

Hakuwa amekaa nyumbani hata kidogo. Baadaye nilisikia alikuwa amesahau dawa zake za presha dukani. Alikuja akihesabu hatua kwa mguu kama watu wasioona vizuri wanavyofanya, akipapasa ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu, na nyuma yangu wembe ulikuwa unakwaruza. Nilipiga ukuta kwa nyundo. Wembe ukanyamaza, kisha nikasikia cherehani ya Tepu ikiwashwa kwa nguvu zote. Alikuwa ameamua kumaliza.

Nilitoka nje nikamsimamisha Bi Mkasi njiani.

"Shikamoo, mama. Hicho kisigino chako kinalegea."

"Marahaba. Kisigino gani? Viatu ulivitengeneza wewe mwezi juzi."

"Ndiyo maana najua vinalegea."

Alinicheka. Akakubali kukaa kwenye kigoda changu, akanipa mguu, na mimi nikaanza kugonga kisigino kizima kisicho na tatizo lolote. Nilikigonga mpaka kikaanza kuwa na tatizo. Yeye alikuwa ametega sikio upande wa ukuta.

"Anashona nini huyo kwa mbio hivyo?"

"Sijui, mama. Labda yale makoti."

"Makoti hayalii hivyo," alisema. "Hiyo ni satini."

Niligonga kwa nguvu zaidi. Kisha cherehani ikasimama, nikamrudishia kiatu, akaingia dukani. Nilisikia akipapasa kitambaa mezani, halafu akauliza dawa zake ziko wapi. Tepu akampa. Mambo yakaishia hapo, na mimi nikamaliza siku nikigonga vidole vyangu badala ya misumari.

Siku ya onyesho tulikwenda watatu. Lilikuwa la alasiri. Mimi nilibeba kifaa changu na vipete vya akiba, kwa kuwa vitundu vya mgongoni ni dhamana yangu na sipendi kusikia habari zake kwa watu. Chumba cha kuvalia kilikuwa nyuma ya jukwaa, kidogo, kina kioo kimoja kilichopasuka pembeni, viti vya plastiki na dirisha la nondo linalotazama mapipa ya taka. Watu walikuwa wameshaanza kujaa ukumbini, tukawasikia wakiburuta viti.

Tepu alimvalisha Malkia. Akamfunga kamba taratibu, kuanzia kiunoni kwenda juu, halafu kiunoni kwenda chini, akimwambia pumua, acha, pumua tena. Bi Mkasi alikaa kwenye kiti, mikono magotini, amevaa gauni lake zuri. Alikuwa na furaha. Tangu asubuhi alikuwa akizungumzia mishono ya ubavuni.

"Haya, inua mikono," alisema Tepu.

Malkia akainua mikono. Tukasikia sauti ndogo, kama mtu anafungua bahasha.

Hakuna aliyesogea. Malkia alibaki ameinua mikono yake hewani, ananitazama mimi kana kwamba mimi ndiye nimefanya. Chini ya kwapa la kushoto satini ilikuwa imeachana kando ya mshono, urefu wa kidole kwanza, na tulipokuwa tunaangalia ikaendelea kuachana yenyewe, kidogo kidogo, mpaka ncha ya ubavu wa chuma ikachungulia.

Kiongozi wa kundi aliingia kuuliza kama tuko tayari. Aliona. Ile sauti yake nene ikashuka, na ilivyoshuka ndivyo ilivyotisha zaidi.

"Nani kashona upande huu?"

"Mimi," alisema Bi Mkasi, akasimama. "Kuna nini?"

Kumbe hakuwa ameona. Alisikia ile sauti, akaona sisi tumeganda, lakini nini kimetokea hakujua. Alisogea mpaka kwa Malkia, akamgusa begani, akashusha mkono kwenye kwapa, na vidole vyake vikaingia kwenye mpasuko. Nilimwona usoni. Sitaki kumwona mtu yeyote hivyo tena.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema kiongozi. "Wewe ni fundi, mji mzima unajua. Lakini watu walinionya. Walisema macho yako sasa hayaoni, nikasema hapana, mama yule hawezi kupokea kazi asiyoiweza. Sasa huyu nikamnyanyue na nini?"

Bi Mkasi alirudi nyuma akakaa, akakosea kiti kidogo, nikamshika.

"Basi," alisema, si kwa mtu yeyote. "Ndiyo imerudi."

Mimi nilimtazama Tepu. Na ninasema wazi, katika ile dakika nilimchukia, kwa sababu nilimwona anavyofikiri. Siri yake yote ilikuwa bado salama. Angenyamaza tu. Mama yake angeamini kwamba ameharibu kwa mkono wake, angeondoka kwenye kile kiti yeye mwenyewe, na asingejua kamwe kuhusu wembe. Au angesema, na mama yake ajue kwamba hiyo haki ya kusema kazi yangu haijawahi kurudi aliipoteza zamani, na kwamba binti yake ndiye aliyemwacha aendelee kuisema mbele za watu. Njia zote mbili zilikuwa zinamkata mama. Ya pili ilikuwa inamkata na yeye.

Tepu akatoa pini zote mdomoni, akaziweka kwenye kiganja.

"Mshono uliopasuka si wa mama," alisema. "Ni wangu. Mama aliushona, mimi nikaufumua nikaupiga upya. Halafu nikakosea, nikaufumua tena. Kitambaa kimetobolewa mara tatu mstari ule ule. Ndiyo maana kimekatika."

Niliinama kuangalia na nikaona ni kweli. Kando ya mpasuko kulikuwa na vitundu vimepangana kwa wingi, kama ukingo wa tiketi. Kitambaa kingine kingevumilia. Satini iliyofumwa kwa nyuzi zilizobanana vile haivumilii. Ngozi ya viatu iko hivyo hivyo, na mimi mwenye kazi ya ngozi wala haikunijia akilini.

"Uliufumua kwa nini?" aliuliza Bi Mkasi.

"Ulikuwa umepinda, mama."

"Umepinda sana?"

"Kidogo."

"Ungeuacha umepinda," alisema Bi Mkasi. "Ungepinda lakini ungeshika."

Kule ukumbini walianza kupiga makofi ya kuhimiza. Kiongozi alikuwa amefungua mdomo lakini hata yeye alijua si zamu yake.

"Huo mmoja tu?" aliuliza Bi Mkasi.

Nilitamani Tepu adanganye. Mimi ningedanganya, ningesema mmoja tu mama, na ningelala vizuri.

"Hapana," alisema Tepu. "Yote. Tangu mwaka jana."

"Hakuna hata mmoja uliouacha?"

"Hakuna, mama."

Bi Mkasi alikaa akitazama upande wa dirisha la nondo. Malkia, mikono bado juu, alikuwa analia bila sauti, rangi za usoni zinamshuka, na sidhani alikuwa analilia koseti. Kisha Bi Mkasi akanyoosha mkono mbele yake, kiganja juu.

"Mvue," alisema. "Nipe hapa. Na wewe baba, waambie wapiga ngoma wako waendelee kupiga mpaka nikwambie basi."

Kiongozi alitoka mbio. Nadhani alishukuru kuwa na pa kwenda.

Tulimvua Malkia, akabaki amejifunga kanga ya mwenzake. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na kipande cha turubai, kile tunachokitandika ndani ya viatu vya kazi. Nilikitoa kabla ya kuombwa. Bi Mkasi alikipapasa, akasema kinafaa, nikikate utepe mpana. Kisha akaishika ile satini mikononi, akaivuta, akaanza kupitisha dole gumba pembeni ya mpasuko, polepole, huku ngoma zinapigwa kule nje na watu wanapiga miluzi.

"Hapa pamechoka," alisema. "Hapa pamechoka. Hapa panashika. Anzia hapa."

Tepu alipiga magoti mbele yake akaanza kushona kwa mkono, uzi mara mbili, akiweka turubai kwa ndani na kuepa ule mstari wa vitundu. Mama alishika na kuvuta, binti alishona. Hawakuongea zaidi ya hapa, na hapana, na sogea. Wakati mmoja sindano ilimchoma Bi Mkasi kidole, akasema endelea. Kiongozi alichungulia mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nilisimama mlangoni na nyundo yangu, akaelewa.

Walipomaliza, upande ule haukuwa mzuri. Ulikuwa umevimba kama kovu. Tepu akamvalisha Malkia tena, akamfunga kamba, akamwambia inua mikono. Malkia alifumba macho kwanza ndipo akainua. Kimya. Akapumua, akajifuta uso, akaenda.

Tulisimama gizani pembeni ya jukwaa, sisi watatu. Mchezo wenyewe sikumbuki ulikuwa unahusu nini. Nilikuwa natazama ubavu wa kushoto. Kila Malkia alipogeuka, mimi niligeuka. Aliimba, akacheza, akamzaba kofi waziri wake. Tepu alikuwa ameshika tepu yake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kujinyonga. Kisha wale walinzi wawili wakatoka, vijana wenye mabega, wakamwendea huku na huku, wakaingiza vidole kwenye koseti.

Wakamnyanyua. Niliona turubai langu likivutika ndani ya satini, niliona kovu lile likinyooka. Mlinzi wa kushoto aliteleza nusu hatua, uzito wote ukahamia upande wake, na Malkia akaning'inia pale hewani akitabasamu kwa meno yote.

"Niambie, Fundi," alisema Bi Mkasi kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa umenishika shati. "Wamemnyanyua?"

Tulikuwa hatua chache tu kutoka jukwaani, na taa zote zilikuwa zinawaka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiuliza jambo lililoko mbele yake.

"Wamemnyanyua, mama. Wanampandisha. Ameshakaa."

"Imeshika?"

"Imeshika."

Hakuliachia shati langu mpaka tunafika nyumbani. Tepu alitembea nyuma yetu.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kibanda mapema, na nilikuwa nimejiandaa kusikia upande mmoja tu wa ukuta. Nilikosea. Cherehani ya kwanza kulia ilikuwa ya Bi Mkasi. Nilijifanya nina shida ya uzi, nikaenda nikasimama mlangoni mwao.

Alikuwa anashona vipande viwili vya marekani, kile kitambaa cheupe cha kujaribia. Alishona mpaka mwisho, akainua mguu wa cherehani nusu, akamsogezea binti yake upande uliokwisha shonwa, bila kukata uzi.

"Sema," alisema.

"Mama, tunywe chai kwanza."

"Sema."

Tepu aliinama akaangalia. Uso ulikuwa umemvimba kwa kulia, au kwa kutolala. "Umeenda upande," alisema. "Kuanzia katikati."

"Upana gani?"

"Wa kidole. Huku mwisho umezidi."

Bi Mkasi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei na akaiona ni ya haki. Mkono wa Tepu ulikuwa umekwenda wenyewe mezani kutafuta wembe, kwa mazoea tu, nadhani hata hakujua. Mama yake alisikia. Akaweka kiganja juu ya kile kitambaa.

"Acha," alisema. "Nipeleke kwa huyo daktari wako. Leo, kabla sijabadili mawazo. Hii iache hapa hapa chini ya sindano. Nikirudi naona, nitaifumua mwenyewe."

Tepu akausukuma wembe mbali.

"Na nisipoona, itabaki ilivyo. Lakini usiiguse."

"Siigusi, mama," alisema Tepu, akainama chini ya meza kumtafutia viatu vyake.